Ujinasibishi, si Wizi wa Kitaaluma

Chuo kikuu kimoja cha kwetu kimetoa mwongozo wa maadili ya wanafunzi kwa Kiswahili, jambo la kushukuriwa, na karibu kila ukurasa wake unataja kosa moja tu: "wizi wa kitaaluma". Anayechungulia karatasi ya jirani katika chumba cha mtihani ni mwizi wa kitaaluma. Aliyejaza mwenyewe hojaji ambazo hakuna aliyezijibu, mwizi wa kitaaluma. Aliyelipa fedha akaandikiwa tasnifu, naye vivyo hivyo. Kamati iliyolipitisha jina hilo imeridhika nalo. Mimi naona imeyapa makosa matatu jina moja, tena jina lisilofaa hata kwa moja kati yake.

Mawili kati ya hayo yana majina yake tangu zamani. La chumba cha mtihani ni udanganyifu, na ndivyo mabaraza ya mitihani yanavyoliita yanapotangaza matokeo yaliyofutwa. Wanafunzi wenyewe wana msamiati hai kuliko huo. Tanzania husema kupiga chabo na kudesa. Kenya kikaratasi kinachoingizwa kwa siri huitwa mwakenya, jina lililotoka kwa vuguvugu la chini kwa chini la miaka ya 1980, Mwakenya, ambalo vijitabu vyake vilipitishwa mkono kwa mkono kwa hofu ya polisi. Lugha iliyoweza kuunda neno kama hilo haihitaji kuazimwa "wizi".

La kubuni takwimu nalo ni kughushi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, ghashsha, kudanganya kwa kuchanganya kibaya na kizuri, na Kiswahili kimelipa kazi mahususi: kutengeneza kitu cha uongo kionekane cha kweli. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, hakuna aliyeomba afafanuliwe. Data isiyokusanywa ni ya kughushi kama cheti kisichotolewa.

Linabaki kosa la tatu, ambalo ndilo lililonishikisha kalamu: kutoa kazi ya mtu mwingine kwa jina lako. Kilatini kililiitaje? Kwa Warumi plagium ilikuwa kosa la kumteka mtu huru na kumfanya mtumwa, au kumtorosha mtumwa wa mwenzako, na ilikuwapo sheria, Lex Fabia, iliyoliadhibu. Katika karne ya kwanza mshairi Martialis alimlalamikia mtu aliyekuwa akisoma mashairi yake mbele ya watu kana kwamba ni ya kwake, akamwita plagiarius, mteka watu. Aliyafananisha mashairi yake na watumwa aliokwisha kuwaacha huru, ambao sasa mtu mwingine anadai kuwa bwana wao. Tazama alipoliweka kosa. Mashairi hayakumpungukia Martialis hata mstari mmoja. Lililomuuma ni dai la yule bwana wa uongo.

Kamati haikulizingatia hilo. Wizi kwa Kiswahili unamtaka mwenye mali aliyepokonywa bila ridhaa yake. Sasa chukua biashara iliyostawi Nairobi, ya vijana wasomi wanaowaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Nani kaibiwa hapo? Mwandishi kalipwa, na mnunuzi kapewa alichokiagiza. Bunge la Uingereza lilipoamua kuipiga marufuku biashara hiyo kwa wanafunzi wa England, mwaka 2022, halikutumia sheria ya wizi. Lilitunga vifungu vipya vya kosa la jinai. Aliyedhulumiwa ni mtahini na wanafunzi wengine, waliodanganywa kuhusu chimbuko la kazi. Kwa istilahi ya kamati mwanafunzi huyu anaweza kusimama mbele ya jopo la nidhamu na kuapa kwamba hakuiba, na atakuwa amesema kweli.

Wapo wanaopendekeza "unakili". Hao wanawatukana wanakili. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi nyingi za wengine kwa hati yake nzuri, na bila mkono wake na wa wenzake sehemu kubwa ya fasihi yetu ya kale isingetufikia. Zaidi ya hayo, nakili na nukuu zote zinatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, n-q-l, kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Huwezi kulitumia tawi moja la mzizi huo kwa kosa na jingine kwa dawa yake, ukategemea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asichanganyikiwe.

Mimi nasema ujinasibishi. Nasaba ni ukoo, asili ya mtu kwa baba na babu. Kunasibisha ni kukifunga kitu na asili yake, na kiambishi -ji- kinaonyesha kuwa mtendaji amejifunga mwenyewe, ndiyo maana kujinasibu tayari kuna ladha ya dai lisilothibitishwa. Elimu ya pwani yetu ilisimama juu ya nasaba ya maarifa: mwanachuoni aliyepokea ijaza, yaani idhini ya kufundisha, alitajiwa mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, kila mmoja alichukua kwa nani. Wajerumani nao humwita msimamizi wa tasnifu "baba wa udaktari". Waziri wao wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, aliponyang'anywa udaktari na Chuo Kikuu cha Bayreuth mwaka 2011, kisha akajiuzulu, waandishi aliochota aya zao walikuwa nazo bado. Kilichoanguka ni nasaba ya uongo.

Bingwa mmoja wa istilahi, ambaye sitamtaja, amenipinga hadharani kwa hoja kwamba neno langu lina Uarabu mwingi na ni refu. Taaluma anayoitetea katika "wizi wa kitaaluma" ni Kiarabu, ta'allum, kujifunza. Hata istilahi, jina la fani anayojivunia, ni Kiarabu. Kuhusu urefu, ujinasibishi una silabi sita, na jina analolitetea lina nane. Pendekezo langu nililipeleka kwa kamati kwa maandishi, na hoja zote hizi zikiwamo. Jibu nililopewa lilikuwa sentensi moja, kwamba kamati "imeshafunga mjadala", na hilo linanikera hadi leo, kwa kuwa mjadala huo haukufunguliwa kwa yeyote nje ya chumba chao.

Matumizi: amejinasibishia sura ya pili, mjinasibishi atarudia kozi, asilimia inayotolewa na programu ya Turnitin ni kiwango cha mfanano, si ushahidi wa ujinasibishi mpaka msomaji apime nukuu zilivyotajwa.

Wahadhiri wanaoandaa mihtasari ya kozi za mwaka ujao nawaomba walitumie neno ujinasibishi katika ukurasa wa kwanza, pamoja na udanganyifu na kughushi, kila neno kwa kosa lake. Hawahitaji ruhusa ya kamati.