Kipande House: benki yenye jina la cheti

Kipande House iko katikati ya jiji la Nairobi, Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street. Ni jengo la mawe la mwaka 1913, na ramani yake ilichorwa na Gurdit Singh. Leo ni tawi la benki ya KCB. Sisi tunaoshuka mjini kutoka Waithaka tunaingia pale, tunatoa pesa na kwenda zetu. Wachache huuliza jina hilo limetoka wapi.

Kipande kilikuwa cheti ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kutembea nacho. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kiliandikwa jina, kabila, mwajiri na mshahara, pamoja na alama za vidole, kikatiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, huyo hakupata kazi kwingine. Kukutwa bila kipande lilikuwa kosa la jela. Ndani ya jengo hili ndimo Waafrika walimoandikishwa.

Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Waliuawa zaidi ya watu 20, naye akapelekwa Kismayu. Kipande kilikuja kuondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Neno lenyewe halikufa. Kwetu pwani kitambulisho bado twakiita kipande, na vijana wetu wengi wa Kiislamu wanajua uchungu wa kuambiwa walete vyeti vya babu zao ndipo wakipate.

Sioni ubaya benki kukaa pale. Nyumba yenye kazi hutengenezwa, iliyofungwa huporomoka. Mji wa Kale, Mombasa, nasi twageuza nyumba za wazee kuwa maduka na ofisi. Tatizo ni kwamba mara nyingi ukuta wa chini hubomolewa, mlango wa nakshi ukauzwa, na jina la nyumba likasahaulika. Kipande House ilibadilishwa kazi, lakini sura na jina vikaachwa, na kwa jina hilo mtoto anaweza kuuliza akaelezwa. Basi mwenye nyumba na afanye biashara yake, ila mlango na jina asiviuze.