UZI: Mafuta yakishuka bei duniani, mbona kazi haziongezeki?

1. Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anasimama jukwaani na kuuliza, "Mafuta yameshuka duniani, mbona hapa bado ni ghali?" Mwingine anajibu, "Subirini, uchumi utafunguka na vijana watapata kazi." Kila upande unapigiwa makofi, na sisi huku mtandaoni tunatukanana hadi usiku wa manane. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimechoka kuona mjadala ukiishia hapo. Hebu tuangalie historia inasema nini. Sitataja mwanasiasa wala chama.

2. Hoja yangu naiweka mapema ili ukitaka kuipinga ujiandae. Bei ya mafuta ikishuka, kuna pesa inahama kutoka kwa anayeuza kwenda kwa anayenunua. Hilo halina ubishi. Swali ni nani anaidaka hiyo pesa ikiwa njiani. Huyo ndiye anaamua kama kibarua kitazaliwa au la. Bei peke yake haijawahi kuajiri mtu.

3. Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipofunga mifereji, pipa moja lilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12 kufikia mwanzo wa 1974. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakalisukuma tena hadi zaidi ya dola 30. Waliokuwa na visima wakatajirika haraka. Barabara, viwanja vya ndege, mahoteli, kila kitu kikajengwa. Na kazi ya mikono ikafanywa na wageni.

4. Lagos ilijaa Waghana enzi hizo: walimu, mafundi, wapishi, vibarua wa mjengo. Bei ilipoanza kulegea mwanzoni mwa miaka ya 80, mapato ya Nigeria yakapungua na lawama ikatafutiwa mtu. Januari 1983 serikali iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke, na wakapewa wiki chache tu. Zaidi ya Waghana milioni moja walibeba mizigo yao kurudi kwao. Ile mifuko ya plastiki yenye mistari ya miraba ambayo hata sisi tunaijua, kule bado inaitwa "Ghana Must Go".

5. Shika hiyo hadithi, tutarudi kwake. Mafuta yakishuka bei, wa kwanza kupoteza kazi katika nchi ya mafuta huwa ni mgeni. Hana kura, hana chama cha wafanyakazi, na kumfukuza hakumgharimu mwanasiasa chochote.

6. Sasa 1986. Saudi Arabia ilikuwa imepunguza uzalishaji wake mwaka baada ya mwaka ili bei isianguke, kutoka karibu mapipa milioni 10 kwa siku mwaka 1980 hadi chini ya milioni 3 katikati ya 1985. Wenzake ndani ya OPEC walikuwa wakiuza kisirisiri kupita mgao wao. Saudi ikachoka, ikafungua. Ndani ya miezi michache pipa likaporomoka kutoka zaidi ya dola 25 hadi karibu dola 10.

7. Usidhani ni nchi maskini tu zilizoumia. Jiji la Houston, Marekani, lilipoteza zaidi ya kazi 200,000 kati ya 1982 na 1987. Benki nyingi kubwa za Texas zilianguka au zikanunuliwa, kwa sababu zilikopesha watu zikiamini mafuta hayawezi kushuka. Wakati huohuo majimbo yasiyo na visima yalikuwa yanasherehekea petroli ya bei nafuu. Nchi moja, bei moja, vilio hapa na vicheko pale.

8. Kenya je? Sisi 1986 tulicheka. Mafuta yalishuka, na ukame wa Brazil wa 1985 ulikuwa umepandisha bei ya kahawa. Yaani tunachonunua kimekuwa rahisi, tunachouza kimekuwa ghali. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka huo. Ukimsikia mzee wa Nyeri au Murang'a akisimulia jinsi kahawa ilivyosomesha watoto wake, ni miaka kama hiyo anaikumbuka.

9. Lakini angalia vizuri. Pesa ya kahawa ilifika kwa mkulima, naye akaitumia kijijini: kwa fundi wa mabati, kwa mwenye duka, kwa karo. Kazi zilitoka hapo. Kahawa ilipoanguka, hasa baada ya mfumo wa mgao wa kimataifa kuvunjika Julai 1989, hakuna aliyesema "lakini mafuta bado si ghali kama zamani". Sherehe iliisha.

10. Ushahidi zaidi unaoudhi pande zote mbili za mjadala: mwaka 1998 pipa lilishuka tena hadi karibu dola 10. Kwa hesabu ya jukwaani, Kenya ingepaswa kuwa inafoka ajira. Wapi! Mvua za El Niño zilikuwa zimebomoa barabara, wafadhili walikuwa wamefunga mkono, na serikali ilikuwa kwenye mpango wa kupunguza wafanyakazi wa umma. Mafuta yalikuwa rahisi na mtaa ulikuwa mkavu.

11. Halafu geuza. Kati ya 2003 na 2007 mafuta yalipanda mfululizo hadi yakakaribia dola 100 mwisho wa 2007. Mwaka huohuo uchumi wetu ulikua kwa karibu asilimia 7. Kwa hivyo anayekuambia bei ya mafuta ndiyo huamua kila kitu, muulize kuhusu 1998 na 2007. Mwache ajibu taratibu.

12. Sasa tufike kwa anguko ambalo wengi wetu humu tunalikumbuka. Marekani ilikuwa imejifunza kutoa mafuta kwenye miamba migumu, na uzalishaji wake ukapanda kutoka karibu mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008 hadi karibu milioni 9 mwaka 2014. Novemba 2014 OPEC ilikutana Vienna na kukataa kupunguza uzalishaji. Pipa lililokuwa dola 115 Juni 2014 likashuka chini ya dola 30 kufikia Januari 2016.

13. Kazi zilipotea kuanzia Texas hadi Aberdeen, mji wa Scotland unaoishi kwa mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Nigeria iliingia kwenye mdororo 2016, uchumi ukisinyaa kwa karibu asilimia 1.6, na thamani ya naira ikaachwa ianguke. Saudi Arabia, kampuni kubwa za ujenzi zilikaa miezi bila kulipa mishahara. Maelfu ya vibarua kutoka India na kwingine walikwama kambini, wengine wakitegemea chakula cha msaada. Mnaikumbuka Lagos ya 1983? Ni hadithi ileile.

14. Hapa ndipo inatugusa sisi. Vijana wetu wengi wako Ghuba: walinzi, madereva, wafanyakazi wa nyumbani. Pesa wanayotuma inalipa karo na kodi ya nyumba huku. Mafuta yakiporomoka, mwajiri wao ndiye anayebana mkanda. Mwaka 2020 Saudi Arabia ilipandisha VAT kutoka asilimia 5 hadi 15 kuziba pengo. Dada anayelipwa mshahara uleule ananunua sabuni na data kwa bei mpya, na anachotuma nyumbani kinapungua. Petroli ya Nairobi imeshuka, lakini mama yake kijijini hana gari.

15. Tena hatuhitaji kuvuka bahari. Sudan Kusini ilitegemea mafuta kwa karibu mapato yote ya serikali. Baada ya 2012 ilikuwa ikiilipa Sudan karibu dola 25 kwa kila pipa linalopita kwenye bomba lake. Pipa likiwa dola 100, hiyo inavumilika. Likiwa chini ya dola 30, ongeza na vita, unabaki na nini? Desemba 2015 pauni yao iliachiliwa ielee, ikatoka karibu 3 hadi zaidi ya 18 kwa dola kwa mkupuo mmoja. Benki za Kenya zenye matawi Juba zikahesabu hasara, na Wakenya waliokuwa na maduka na kazi kule wakaona faida yao ikigeuka karatasi.

16. Na Turkana. Machi 2012 mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, wakati pipa likiwa zaidi ya dola 100. Ahadi zikamiminika: bomba, ajira, barabara. Bei ilipoporomoka, utafutaji ukapunguzwa kasi. Malori yalianza kusafirisha mafuta kwenda Mombasa Juni 2018, na shehena ya kwanza, mapipa 200,000 na zaidi kidogo, ikaondoka Agosti 2019. Mei 2020, bei ikiwa chini tena, kampuni ikatangaza kwamba mambo yaliyo nje ya uwezo wake yanaizuia kuendelea. Kijana wa Lokichar aliyeajiriwa kuwa dereva au mlinzi hakuhitaji mhadhara kuhusu soko la dunia.

17. "Sawa, lakini angalau kwenye pampu tunafaidika." Ndiyo, kwa kiasi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Lita ni shilingi 100: 50 ni mafuta yenyewe na usafiri, 40 ni ushuru na tozo, 10 ni za wauzaji. Mafuta yakishuka nusu, unaokoa 25. Bei inakuwa 75, si 50. Tozo nyingi hukatwa kwa lita, hazijali bei ya Vienna wala London. Ongeza dola: shilingi ilikuwa karibu 88 kwa dola katikati ya 2014, na kufikia Septemba 2015 ilikuwa karibu 105. Tena tangu kiwanda cha Changamwe kiache kusafisha mafuta 2013, tunanunua yaliyosafishwa tayari, na tunalipa kwa dola.

18. Halafu kuna kudaka. Aprili 20, 2020, mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa bei ya chini ya sifuri, yaani muuzaji analipa ili uyachukue! Mei petroli Nairobi ilikuwa karibu shilingi 83. Julai ilivuka 100. Sehemu ya ongezeko ilitoka soko la dunia, ambalo lilikuwa limeanza kupanda. Lakini Julai hiyohiyo tozo ya ustawishaji wa petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Bei ilipokuwa chini, mkono uliingia.

19. Simaanishi kila tozo ni wizi. Barabara hazijengwi kwa maombi, na kuweka akiba bei ikiwa chini ili kupunguza makali ikiwa juu ni wazo zuri. Ninachouliza ni kama akiba ilikaa akiba. Mwananchi anayekatwa 5.40 kwa ahadi kwamba itamkinga kesho ana haki ya kuona daftari.

20. Mdakaji mwingine ni sisi kwa sisi. Mafuta yakipanda shilingi 5, nauli inapanda asubuhi hiyohiyo. Yakishuka 10, makanga anakuambia vipuri ni ghali, mkopo wa gari haujaisha, polisi barabarani hawajashuka bei. Mengine ni kweli. Ila matokeo yake ni kwamba abiria haoni kitu. Anayeona nafuu siku hiyohiyo ni anayenunua mafuta mwenyewe: bodaboda, mwenye posho mill ya dizeli, mvuvi wa ziwani mwenye injini. Na hawa ndio huajiri mtu mmoja mmoja bila kelele.

21. Anayepikia mafuta taa naye alifaidika bei iliposhuka, hadi Septemba 2018 ilipowekwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Sababu ilitolewa: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta taa na dizeli. Shida ilikuwa ya kweli. Lakini aliyelipa ni mama wa chumba kimoja, pamoja na yule mchanganyaji.

22. Kwa hivyo ukisikia tena "mafuta yameshuka, kazi zinakuja", uliza maswali matatu. Moja, kwa kila lita, kiasi gani cha nafuu kimeachwa kwa mnunuzi na kiasi gani kimechukuliwa na tozo mpya? Mbili, kilichochukuliwa kiko wapi, na kimeajiri nani? Tatu, watu wetu walio Ghuba, Juba na Lokichar, ambao kazi zao zinaishi kwa bei ya juu, mpango wao ni upi bei ikianguka?

23. Na ukisikia "serikali imekataa kushusha bei", uliza pia: kushusha kwa kuondoa tozo ipi, na barabara au hospitali ipi itakosa? Mpinzani asiye na jibu hapo anauza hewa kama yule mwingine.

24. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA hutangaza bei mpya, na tangazo lenyewe huwa na jedwali la mgawanyo: gharama ya mafuta, usafiri, faida ya wauzaji, na kila tozo kwa jina lake. Wengi wetu hushia kwenye picha ya bei tatu. Mwezi huu fungua hadi kwenye jedwali, uweke kando na la mwezi uliopita. Ukija kubishana nami, njoo nayo yote mawili.