Sitaha ya mbao: maneno ya uharibifu uletwao na jua na mvua

sitaha nomino [i-/zi-] 1 sakafu ya juu ya meli, jahazi au chombo kingine cha majini. 2 jukwaa la mbao lililounganishwa na nyumba, aghalabu lisilo na paa, litumiwalo kwa kupumzikia nje.

Maana ya pili ni changa. Sitaha za nyumba zimeenea zaidi Marekani na Kanada, na zimeingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri: maelekezo ya makopo ya rangi, miongozo ya matengenezo na mikataba ya ujenzi. Neno *baraza* halitoshi mahali pake, kwani baraza ya pwani hujengwa kwa mawe na chokaa; *roshani* nayo huwa ghorofani. Aidha, *sitaha* isiandikwe *staha*, neno ambalo maana yake ni heshima.

Makala haya yanahusu sitaha iliyoharibiwa na hali ya hewa. Kosa linalojitokeza mara nyingi katika tafsiri za aina hii ni kutumia kitenzi *haribika* kwa kila hali. Kitenzi hicho si kibaya kisarufi, lakini hakimwambii fundi afanye nini. Kiswahili kina vitenzi mahususi, na kila kimoja hudokeza chanzo cha uharibifu na tiba yake.

Kutia rangi na kupaka rangi

Nguo *hutiwa* rangi. Ukuta *hupakwa* rangi. Katika hali ya kwanza rangi huingia ndani ya nyuzi, na katika hali ya pili hukaa juu kama ngozi. Tofauti hii inafaa sana kwa mbao. Rangi inayopenya, ambayo huacha mistari ya asili ya mti ionekane, *hutiwa*. Rangi nzito na vanishi *hupakwa*, hata kama brashi itumikayo ni ile ile. Mfasiri atokaye Kiingereza hukutana na neno moja lenye maana ya doa na pia ya rangi inayopenya mbao. Akishika maana ya kwanza, sitaha iliyotiwa rangi kwa ustadi hugeuka kuwa "sitaha yenye madoa".

Vitenzi vya uharibifu

pauka Kuwa na rangi ya kijivu iliyokosa uhai, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Miali ya urujuanimno ya jua huvunja lignini, kiungo kinachoshikamanisha nyuzi za mti, kisha mvua huisafisha na kuacha nyuzi za kijivu. Uharibifu huu ni wa juu juu tu. Ubao uliopauka bado una nguvu. Tiba: kusugua kwa brashi na maji, kupiga msasa, kuacha ukauke kabisa, kisha kuutia rangi upya.

chujuka Kupungua kwa rangi, hasa kwa kuoshwa na maji. Ni kitenzi cha rangi iliyotiwa. *Rangi ya sitaha imechujuka upande usio na kivuli.* Tiba: kusafisha na kuongeza rangi ya aina ile ile.

bambuka Kutoka vipande vipande, kama gome la mti. Ni kitenzi cha rangi iliyopakwa. Unyevu ukiingia chini ya vanishi, vanishi huachana na ubao. Tiba: kukwangua sehemu zote zilizoachia kabla ya kupaka upya, kwa kuwa rangi mpya haiwezi kushika imara kuliko ile iliyo chini yake.

atuka Kupata nyufa kwa sababu ya joto au ukavu. Mbao huvimba zinyonyapo maji na husinyaa zikaukapo. Marudio hayo huzipasua. Nyufa ndogo si hatari kwa zenyewe, ila ni mlango wa maji.

benuka Kutokeza au kujikunja na kuacha usawa. Hutokea pale upande mmja wa ubao unapolowa au kukauka haraka kuliko mwingine. Mtu aweza kujikwaa.

ota ukungu Kuwa na madoa meusi au ya kijani juu ya uso. Ukungu huoshwa, na haudhoofishi mbao. Lakini ni ishara kwamba mahali hapo hapakauki.

oza Kuliwa na kuvu ndani kwa ndani hadi kupoteza nguvu. Kuvu huhitaji unyevu wa kudumu. Mbao zinazobaki chini ya unyevu wa takriban asilimia 20 kwa kawaida husalimika. Ncha ya bisibisi ikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Hauna tiba ya rangi: hukatwa na kubadilishwa, na boriti zilizo chini yake hukaguliwa.

bunguliwa Kutobolewa na wadudu. Hali hii haisababishwi na jua wala mvua, ingawa hufuatana mara nyingi na kuoza. Isichanganywe nayo.

Hatari ya kuchanganya

Linganisha sentensi hizi:

*Mbao za ngazi zimepauka; zisafishwe na kutiwa rangi.*

*Mbao za ngazi zimeoza, zisikanyagwe.*

Anayeandika "zimeharibika" amezifanya sentensi hizi mbili kuwa moja, na msomaji wake huenda akapaka rangi ubao ambao hautabeba uzito wa mtu.

Tahadhari ya pili inahusu msamiati wa mabaharia. Kwa kuwa *sitaha* ni neno la chomboni, mfasiri hushawishika kuleta na jamaa zake, hasa *kalafati*, yaani pamba yenye mafuta inayoshindiliwa katika mianya ya mbao za jahazi ili maji yasipite. Katika sitaha ya nyumba mambo ni kinyume: mwanya wa milimita chache huachwa makusudi baina ya mbao ili maji yateremke na hewa ipite. Maelekezo yanayosema mianya hiyo itiwe kalafati yatazuia maji na kuleta kuoza kule kule kulikokusudiwa kuepukwa. Tumia *kuziba* kwa nyufa za ndani ya ubao, na *kuacha mwanya* kwa nafasi iliyo baina ya mbao.

Kuhusu sarufi

*Pauka*, *bambuka* na *atuka* hueleza hali bila kumtaja mtendaji. Pale chanzo kinapohitaji kutajwa, tumia umbo la kutenda au kutendesha: *jua limezipausha mbao*, *unyevu umeibambua vanishi*, *maji yaliyotuama yameiozesha boriti*. Katika ripoti ya ukaguzi, umbo hili ndilo bora, kwa kuwa linamwonyesha mwenye nyumba kile kinachopaswa kuondolewa kabla ya brashi kuguswa.

Linganisha: chakaa, fifia, lika, vunda.