Nguo ya Marekani na Saa ya Ukutani

Ewe msomaji kijana, ukiwa darasani huko Kanyakine, chini ya Mlima Kenya, huenda ukadhani kuwa historia ni habari za wafalme na vita tu. Nakuomba uitazame nguo uliyoivaa, kisha uisikilize kengele ya shule. Hata vitu hivi vina historia yake. Profesa Jeremy Prestholdt, wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, alitoa kitabu mwaka 2008 juu ya vitu ambavyo watu wa Afrika ya Mashariki walipenda kununua katika karne ya 19.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaleta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na watu wakakiita marekani. Katika njia za misafara kitambaa hicho kilitumika kama fedha. Wafanyabiashara wa Kikamba, waliopeleka pembe za ndovu pwani, walirudi bara na nguo.

Je, wageni walituletea walichotaka wao? La. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwamuzi. Aliishika nguo, akaupima uzito wake na ufumaji wake. Isipompendeza aliikataa, na hasara ikawa ya tajiri wa ng'ambo. Hivyo mtu asiyejua Salem iko wapi aliwalazimisha wafumaji wa huko wafuate matakwa yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa saa pia. Matajiri wa Unguja walitundika saa za ng'ambo ukutani, tena nyingi pamoja, ziwe pambo na heshima ya nyumba. Lakini chombo hicho hakikuigeuza hesabu yetu. Hata leo mshale ukionyesha saba asubuhi, sisi twasema saa moja, kwa kuwa twahesabu tangu mapambazuko. Chombo kilitoka kwa wageni; hesabu ya wakati ilibaki yetu.

Hata hivyo, usijivune upesi. Hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu tangu 1861 hata 1865, pamba ya nchi ile ililimwa zaidi na watumwa wenye asili ya Afrika. Huku kwetu, karafuu zilizowatajirisha mabwana wa Unguja zilichumwa na watumwa pia. Watu walinunuliwa kama vitu, ili vitu vipate kununuliwa.

Basi, utakapokwenda sokoni na kukipenda kitu, kumbuka kwamba uchaguzi wako una nguvu kama ule wa mababu zetu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia inatufundisha kuongeza swali moja: kizuri hicho kimepatikana kwa jasho la nani?