John Wesley na Ufupishaji wa Vitabu vya Ibada

Wengi wetu tumewahi kukabidhiwa kitabu cha zamani na kuombwa tukirahisishe kwa ajili ya wanafunzi. Huanza na msamiati mgumu, kisha sentensi ndefu, na mwishowe tunagundua kwamba tumemwondolea mwandishi hata fikra zake. Katika makala haya tunamtazama mtu aliyekumbana na tatizo hilo kwa kiwango kikubwa: John Wesley (1703–1791), kasisi wa Kianglikana aliyeongoza vuguvugu la Wamethodisti nchini Uingereza.

Wafuasi wake wengi walikuwa watu wa kawaida, wakiwemo wachimba makaa ya mawe, wasio na fedha za kununua vitabu vinene wala muda wa kuvisoma. Kwa hiyo mwaka 1743 alifupisha hadithi ya John Bunyan ya msafiri aelekeaye mji wa mbinguni, iliyotoka mwaka 1678. Baadaye akaandaa Maktaba ya Kikristo, juzuu 50 za maandishi ya ibada ya waandishi waliomtangulia, zilizochapishwa kati ya 1749 na 1755. Zilimtia hasara ya zaidi ya pauni 200.

Namna alivyofanya kazi inatuhusu sana. Hakunakili upya. Alichukua kitabu kilichokwisha kuchapishwa, akakata mistari kwa kalamu, akabadili au kuongeza neno hapa na pale, kisha akawaachia wengine usimamizi wa uchapaji. Wapinzani wake walipomwonyesha kwamba Maktaba hiyo ilikuwa na mafundisho yanayopingana na yake, alijibu mwaka 1772 kwamba vifungu mia hivi alivyovifuta vilibaki kwa uzembe wa wasimamizi hao. Huenda ni kweli. Lakini msomaji wa kawaida, asiye na kitabu cha awali mkononi, angejuaje ni lipi la mwandishi na lipi la Wesley? Sisi tunaona hapo ndipo penye kasoro.

Mwaka 1753 alijaribu njia nyingine, ambayo kwetu ni bora zaidi: alitoa kamusi ndogo ya maneno magumu, ili mtu asiye na elimu kubwa aweze kuwasoma waandishi wenyewe. Kwenye ukurasa wa jina aliwahakikishia wasomaji kwamba, kwa maoni yake, hiyo ndiyo kamusi bora ya Kiingereza duniani. Ile ya Samuel Johnson ilitoka miaka miwili baadaye.