Kisanduku Kilichoiokoa Simu ya Mezani

Umeme ulipokatika mtaa mzima, simu ya mezani ya zamani iliendelea kulia. Nyaya zake mbili za shaba zilibeba sauti na umeme pia, volti 48 kutoka kwenye betri za mtambo wa kampuni ya simu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoishinda adapta ya simu ya intaneti. Mengi mengine iliyaiga vizuri ajabu.

Februari 1995, kampuni ya VocalTec ya Israeli ilitoa programu ya kupigiana simu kwa intaneti. Lakini ilihitaji kompyuta mbili zilizowashwa, spika na maikrofoni. Bibi mwenye simu yake ya ukutani jikoni hakuwa na nafasi humo.

Adapta ilimrudisha. Ni kisanduku kidogo chenye tundu la waya wa intaneti na tundu la simu ya kawaida. Uzuri wake ni kwamba hakiilazimishi simu kuukuu ibadilike hata kidogo. Ukiinua mkono wa simu, chenyewe kinatoa ule mlio wa laini uliokuwa ukitoka mtamboni. Simu ikiingia, kinazalisha umeme wa kupiga kengele. Ukisema, kinaipima sauti yako mara 8,000 kwa sekunde, kinaigeuza tarakimu na kuituma vipande vipande.

Mwaka 2000 kampuni ya Cisco iliinunua kampuni ya Komodo Technology ya California, na kifaa chake kikaingia sokoni kwa jina la ATA 186. Vonage, kampuni ya simu za intaneti ya New Jersey, ilipoanza huduma mwaka 2002, kisanduku hicho ndicho ilichowapa wateja wake. Mtu akahama nacho kutoka mji hadi mji, namba ikimfuata.

Hapo ndipo hatari ilipojificha, maana namba haikuonyesha tena nyumba ilipo. Mapema 2005, huko Houston, Marekani, binti alipiga namba ya dharura, 911, wazazi wake walipopigwa risasi na wavamizi. Simu ya intaneti haikumfikisha kwa waokoaji. Mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilizipa kampuni siku 120 kuhakikisha 911 inapatikana pamoja na anwani ya mpigaji.

Suala la umeme halijaisha. Nchini Uingereza ilipangwa mtandao wa zamani wa simu za mezani uzimwe Desemba 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi Januari 2027, kwa kuhofia zaidi usalama wa wazee wanaovaa kitufe cha kuitia msaada. Umeme wa nyumba ukikatika, adapta isiyo na betri huzimika, na kitufe kinachoitegemea hakiiti mtu.