Stadi za Meneja

Stadi za meneja ni uwezo unaojengwa kwa mafunzo na mazoezi, ambao humwezesha mtu aliyekabidhiwa usimamizi wa watu, fedha na vifaa vya taasisi kufikia malengo ya taasisi hiyo kupitia kazi ya wengine. Stadi hutofautiana na haiba, kama vile ucheshi au ujasiri, kwa kuwa hujidhihirisha katika utendaji na hupimwa kwa matokeo yake.

Miongoni mwa waliotangulia kulichambua suala hili ni Henri Fayol (1841–1925), mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma kuanzia mwaka 1888 hadi 1918. Katika kitabu chake cha mwaka 1916, Fayol aliigawa kazi ya utawala katika majukumu matano, yaani kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti, akaeleza kwamba kadiri mtu anavyopanda cheo ndivyo ujuzi wa fani unavyopungua uzito na uwezo wa kutawala unavyozidi kuhitajika. Mwaka 1955 Mmarekani Robert L. Katz, katika makala iliyochapishwa na jarida la Harvard Business Review, alizigawa stadi hizo katika makundi matatu ambayo vitabu vya kiada bado huyatumia.

Kundi la kwanza ni stadi za kiufundi, yaani umahiri katika fani yenyewe, kama vile mhasibu kuandaa mizania au msimamizi wa karakana kuifahamu mitambo yake. Hizi humfaa zaidi meneja wa ngazi ya chini, ambaye huwaelekeza watendaji moja kwa moja.

Kundi la pili ni stadi za mahusiano, zinazohitajika katika ngazi zote. Zinajumuisha kusikiliza, kueleza, kusuluhisha migogoro na kukasimu madaraka, yaani kumpa aliye chini mamlaka ya kuamua jambo ilhali meneja anabaki na dhamana ya matokeo. Athari za kupungukiwa na stadi hizi zilionekana Tanzania baada ya Mwongozo wa chama tawala cha TANU wa mwaka 1971 kukemea kiburi cha viongozi, pale wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam walipogoma, na wengine kuwafungia nje mameneja, wakilalamikia namna walivyotendewa wala si ujira peke yake.

Kundi la tatu ni stadi za kidhana, yaani uwezo wa kuiona taasisi kwa ukamilifu wake na kutambua jinsi sehemu zake zinavyotegemeana. Meneja mwenye uwezo huu, anapoamua kuuza bidhaa kwa mkopo, hupima pia athari za uamuzi huo kwa fedha taslimu, ghala na uzalishaji. Stadi hizi huwa na uzito mkubwa zaidi katika ngazi ya juu, na kwa sababu hiyo fundi hodari aliyepandishwa cheo kwa ufundi wake pekee huweza kushindwa katika wadhifa mpya.

Katika utendaji, makundi hayo huingiliana. Henry Mintzberg wa Kanada, aliyewafuatilia watendaji wakuu watano na kutoa kitabu mwaka 1973, alibaini kwamba takriban nusu ya shughuli zao zilidumu chini ya dakika tisa, hivyo meneja hulazimika kuhama upesi kutoka suala la kiufundi hadi la watu au la sera.

Kuhusu mafunzo, Katz alishikilia hapo awali kwamba stadi zote tatu hufundishika, lakini makala yake ilipochapishwa upya mwaka 1974 alirekebisha msimamo huo, akaona kwamba stadi za kidhana ni vigumu kujengeka iwapo hazikukuzwa mapema maishani. Kwa mtazamo huo, taasisi inayotaka mameneja wakuu wenye upeo haina budi kuwatambua na kuwahamishahamisha katika idara mbalimbali wangali katika ngazi za chini.